Mto Nyando unapogeuka mwekundu, plau yangu inahusika vipi?

SWALI: Nina shamba la ekari tatu upande wa juu wa Koru, ukielekea Fort Ternan. Ni mteremko, na nalima mahindi na maharagwe. Kila Januari au Februari naita trekta ipige plau, na mvua ikikaribia inarudi kupiga haro. Shemeji yangu analima mpunga Ahero, kule chini kwenye tambarare ya Kano, na kila Aprili mto ukijaa hunipigia simu kuniambia udongo wetu umemfikia tena. Majuzi kwenye baraza afisa alituambia tuache kulima kabisa, tupande bila kutifua. Je, ni kweli kulima kwetu ndiko kunakoleta tope hili lote? Na nikiacha plau nitavuna nini?

JIBU: Mama, nianze na jibu fupi. Ndiyo, kulima kunachangia tope la mto Nyando huku kwetu magharibi mwa Kenya, na shamba la mteremko lililopigwa plau kisha haro huchangia kuliko mashamba mengi. Lakini kinachokuponza hasa ni zile wiki ambazo shamba lako linakaa tupu na laini likingojea mvua ya Machi. Ukiachana na plau leo na shamba likabaki tupu vilevile, tope litaendelea kushuka, huenda hata likazidi, na mahindi nayo yatadumaa. Afisa amekupa nusu ya ushauri. Nusu iliyobaki ndiyo ngumu, nami nitaikalia zaidi.

Mmomonyoko huanza maji yakiwa bado angani. Tone kubwa la mvua, lenye upana wa milimita 5 hivi, hufika ardhini kwa mwendo wa karibu mita 9 kwa sekunde. Mvua zetu za alasiri, zinazokusanya mawingu kutoka Ziwa Victoria na kuyapandisha hadi yagonge milima ya Nandi na Tinderet, zina matone ya namna hiyo kwa wingi; ndizo hizo hizo zinazopiga chai ya Kericho kwa mawe. Tone likigonga bonge la udongo mtupu hulipasua, na chembe zikaruka kila upande, nyingine zaidi ya mita moja. Kwenye tambarare zinazokwenda huku na zinazokwenda kule hulingana. Kwenye shamba lako, zinazorukia upande wa chini hutua mbali zaidi kuliko zinazorukia juu, kwa hiyo kila tone linausogeza udongo kidogo kuelekea mtoni, hata kabla maji hayajaanza kutiririka.

Zile chembe ndogo kabisa huingia kwenye vitundu vya udongo na kuviziba. Jua likiwaka kesho yake unauona utando mgumu juu ya shamba, ule unaoyazuia maharagwe kuchomoza. Una unene wa milimita chache tu, lakini unatosha kuligeuza shamba kuwa paa la mabati: mvua inayofuata haina pa kuingia, inateremka. Na maji yakishaanza kuteremka, urefu wa mteremko unakuwa jambo kubwa, kwa sababu kadiri yanavyokwenda ndivyo yanavyojikusanya na kushika kasi. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu yake inakuwa mara nne. Ndiyo sababu mwanzoni mwa shamba huoni alama yoyote, katikati unaona vijia vyembamba vya maji, na chini kabisa unakuta mfereji unaoweza kuingiza mguu.

Sasa plau na haro zinaingia wapi hapo? Plau inafukia kila kitu kilichokuwa juu: mabua, majani, magugu yaliyokauka. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vikipokea pigo la tone badala ya udongo. Pamoja na hayo, plau peke yake huacha mabonge makubwa na vishimo kati yake, na vishimo hivyo hushika maji ya mvua mbili tatu za mwanzo. Haro ndiyo inayokuja kuyasaga mabonge hayo, ikiacha udongo laini uliosawazika, tayari kwa kuzibwa na kubebwa. Ukiniuliza kitu kimoja cha kuacha msimu ujao, bila kubadilisha kingine chochote, nitakuambia acha haro. Mahindi hayahitaji udongo uliosagwa hivyo. Yanahitaji udongo uliolainika pale tu mbegu inapokaa, na hiyo ni kazi ya jembe dogo wakati wa kupanda. Utaokoa pesa ya trekta siku hiyo hiyo.

Labda unasema moyoni kwamba hujawahi kuona shamba lako likipungua. Huwezi kuliona kwa macho. Ekari moja ikipoteza milimita 1 tu ya udongo, hiyo ni kama mita 4 za ujazo, karibu tani 5. Kwa ekari zako tatu ni tani 15, yaani lori la tani 5 likijaa mara tatu, na milimita 1 hakuna jicho litakalogundua kuwa haipo. Tena hausombwi udongo wowote tu. Maji huchukua kwanza vyepesi: mboji, na chembe za mfinyanzi ambazo mbolea yako imezishikilia. Fosfati ya DAP, ile mbolea ya kupandia, hasa kwenye udongo wetu mwekundu wenye chuma nyingi, hung'ang'ania chembe hizo kwa nguvu sana. Kwa hiyo tope linaloingia mtoni lina rutuba kuliko udongo uliobaki shambani. Ulilipia mbolea, mto ukaichukua.

Kuna jambo jingine ambalo kwenye mabaraza huwa halisemwi. Jembe na plau zenyewe huhamisha udongo, hata mwaka ambao mvua haikunyesha vibaya. Mtu akilima kwa jembe mteremkoni husimama akitazama juu na kuvuta udongo kuelekea miguuni pake, na miguu iko chini. Plau ya diski ikipita huku ikitupia upande wa chini hufanya vivyo hivyo, kwa wingi zaidi. Nenda ukatazame ukingo wa juu wa shamba lako, chini kidogo ya ua. Nadhani utakuta udongo uliopauka, mgumu, na mahindi mafupi kuliko ya pengine. Kisha nenda chini karibu na mpaka, uone udongo mzito mweusi uliorundikana. Mvua haikufanya kazi hiyo peke yake. Udongo huo wa chini bado haujafika mtoni, lakini umeshasogezwa hadi mlangoni, umelegea, ukingojea mvua moja kubwa.

Halafu lipo tabaka gumu. Plau ikipita kina kilekile mwaka baada ya mwaka, chini yake hujengeka sakafu iliyoshindiliwa, mara nyingi kati ya sentimita 15 na 20. Chimba shimo siku moja baada ya mvua, ukiwa na kisu. Ukikuta kisu kinaingia vizuri kisha kinakwama ghafla, na mizizi ya mahindi imekunja kwenda kando badala ya kwenda chini, unalo. Juu ya sakafu hiyo maji hujaa upesi, na udongo wote ulio juu yake unakuwa tope linaloteleza.

Basi kwa nini nisikuambie tu uache kulima kama afisa alivyosema? Kwa sababu nimeona mashamba ya watu waliosikia neno hilo moja. Wanaacha plau, wanapiga dawa ya magugu, mabua yanaliwa na ng'ombe au kuchomwa, na wanatoboa vishimo kwenye udongo mtupu uliokwisha kugandamana. Hapo maji hayana hata yale mabonge ya kuyachelewesha. Mvua ikinyesha, karibu yote inateremka. Kuacha kutifua kunafaa pale tu ambapo juu ya udongo kuna kitu.

Wamarekani na Wabrazili walilijua hilo mapema. Marekani, baada ya vumbi la miaka ya 1930 kumaliza mashamba ya nyanda zao, serikali iliunda idara ya kuhifadhi udongo mwaka 1935, lakini kupanda bila kulima kulianza kushika kwenye mashamba ya biashara mwaka 1962 tu, kwa mkulima wa Kentucky aitwaye Harry Young. Mwaka 1972 Herbert Bartz akaanza huko Rolândia, jimbo la Paraná nchini Brazili, mahali penye udongo mwekundu na mvua za kishindo zinazofanana na zetu kuliko za Kentucky. Alikuwa amechoka kutazama mvua ikiondoka na udongo wake. Kilichowafaa watu wa Paraná ni kupanda mazao ya kufunika ardhi na kuyalaza chini kabla ya kupanda mengine, ardhi isikae wazi hata mwezi mmoja. Mashine ya kupandia ilikuwa msaidizi tu.

Nirudi kwa shemeji yako, kwa sababu malalamiko yake yana msingi. Mchanga laini, wenye upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita, huzama mita moja kwenye maji yaliyotulia kwa dakika mbili hivi. Chembe iliyo ndogo mara kumi kuliko huo huchukua saa tatu au nne. Chembe ya mfinyanzi, ndogo mara kumi tena, huchukua kama wiki mbili. Nyando ukitoka vilimani una kasi ya kubeba vyote. Ukifika tambarare ya Kano unapoteza kasi, unaangusha mchanga na chembe za kati hapo hapo: kwenye sakafu ya mto, kwenye mifereji ya mpunga ya Ahero, kwenye majaruba. Sakafu ya mto inainuka, mto unakosa nafasi, mvua inayofuata unamwagikia vijijini. Mafuriko ya Kano yana sababu nyingine pia, tambarare yenyewe iko chini sana na udongo wake mweusi hauwahi kunywa maji, lakini udongo unaoshuka huku juu unazidisha.

Mfinyanzi haubaki Ahero. Unaendelea hadi Ghuba ya Winam, ule mkono wa Ziwa Victoria ulio upande wetu, na mvua zikikolea picha za satelaiti huuonyesha ukitanda kutoka mdomo wa mto, rangi ya kahawia ndani ya maji. Ghuba ina kina kifupi, kwa hiyo hata unapozama, upepo wa alasiri huukoroga tena. Fosfati iliyoning'inia kwenye chembe hizo ndiyo chakula cha mwani wa kijani na cha gugumaji, lile lililoifunika ghuba miaka ya 1990 hadi mitumbwi ikashindwa kutoka ufukweni. Mitambo ya maji ya Kisumu, ule wa Dunga unaovuta ziwani na ule wa Kajulu unaotumia maji ya mto Kibos, maji yakichafuka hulazimika kutumia dawa zaidi ya kugandisha tope. Na samaki? Wale wadogo ambao Wajaluo huwaita fulu, jike hulitambua dume la kabila lake kwa rangi. Mwaka 1997 watafiti waliofanya kazi upande wa Tanzania wa ziwa hili walionyesha kwamba maji yakiwa na ukungu, majike hawaoni rangi vizuri, aina zinachanganyika, na utajiri wa aina unapotea. Mimi jambo hilo huniuma sana, kwa sababu hakuna anayekusudia kumdhuru fulu anapopiga haro Koru.

Lakini usibebeshwe tope lote la mto. Barabara za murram zinazopita juu ya mashamba, na kalvati zinazomwaga maji ya barabara nzima katikati ya shamba la mtu, hutoa udongo mwingi sana kwa eneo dogo. Njia za ng'ombe zinazoshuka kunywa maji nazo ni hivyo hivyo. Kingo za mto zilizokatwa miti hubomoka zenyewe. Na ukienda Nyakach ukaone makorongo ya Katuk Odeyo, yale yaliyomeza mashamba, utaelewa kuwa kuna udongo ambao ukishafunuliwa hujitenga chembe chembe mara tu unapolowa, kwa sababu ya sodiamu iliyomo. Korongo la namna hiyo haliponi kwa mkulima mmoja kubadilisha plau. Nakuambia haya ili ujue ukubwa wa sehemu yako. Shamba ni sehemu ambayo wewe unaweza kuigusa kesho asubuhi. Kwa ajili ya barabara lazima mwende wengi kwa kaunti.

Sasa ekari zako tatu.

Pima kwanza mteremko, usikadirie. Chukua mti ulionyooka wa mita 2, uweke juu yake pima maji ya fundi, ncha moja iguse ardhi upande wa juu, uinue ya chini hadi pima maji ikae sawa, kisha pima kutoka ncha hiyo hadi ardhini. Ukipata sentimita 32, mteremko wako ni asilimia 16. Rudia mahali kadhaa. Kanuni za zamani za kilimo nchini zilitaka shamba lenye mteremko wa kati ya asilimia 12 na 35 liwe na makinga maji, na zikakataza kulima palipozidi 35. Hata kama hakuna afisa anayekuja kupima siku hizi, namba hizo zina busara. Kama una kona inayozidi 35, iache iwe majani ya ng'ombe au miti.

Kisha ukate urefu wa mteremko. Fanya juu, ule mtaro wa sentimita 60 kwa 60 ambao udongo wake hutupwa upande wa juu, ulienea sana Ukambani na kote nchini hasa baada ya serikali kuanza mpango wa kuhifadhi udongo kwa msaada wa Uswidi mwaka 1974. Ni mzuri, lakini ni kazi ya mikono mingi, na kwenu ambako mvua ni nyingi lazima uchimbwe na mwinamo mdogo wa kupeleka maji pembeni kwenye njia iliyooteshwa nyasi. Ukichimbwa sawasawa kabisa, maji hujaa, yanavunja mahali pamoja, na hapo unapata korongo ambalo hukuwa nalo. Kama huna mtu mwenye uzoefu wa kuupima, usianze na mtaro.

Anza na mistari ya majani. Kwa mteremko wa asilimia 16, umbali kati ya mstari na mstari unaotumika Kenya ni kama mita 11. Kwa ekari moja hiyo ni karibu mita 370 za mstari wa upana wa nusu mita hadi mita moja. Tumia uzi na pima maji kufuata mwinuko ulio sawa, hata kama mstari utapinda; mstari ulionyooka unaokata mteremko kwa mshazari ni mfereji. Nepia, yale majani marefu ya ng'ombe, inafaa, lakini chagua vipande kutoka kwenye shina lenye afya, kwa sababu ugonjwa wa kudumaza nepia umeenea magharibi mwa Kenya. Brakiaria, aina nyingine ya majani ya malisho, ni chaguo zuri pia. Mahindi ya mstari ulio jirani na nepia yatasumbuliwa kidogo. Kata majani mara kwa mara, ng'ombe watakushukuru. Na hapa kile kitendo cha jembe kuvuta udongo chini kinakuwa na faida: udongo unaovutwa unakwama kwenye mstari wa majani, na baada ya miaka michache unakuta ngazi zimejijenga bila kuchimba mtaro. Kwa hiyo hata ukiendelea kulima, limia kufuata mstari huo, na umwambie dereva wa trekta aache kushuka na kupanda. Wengi hupenda kushuka na kupanda kwa sababu ni rahisi kugeuza. Usimlipe anayefanya hivyo.

Kisha kufunika. Wanaotafiti jambo hili duniani huanzia kwenye asilimia 30: mabaki yakifunika angalau asilimia 30 ya ardhi wakati wa kupanda, udongo unaopotea hupungua zaidi ya nusu ukilinganisha na ardhi tupu. Kujua kama umefika, vuka shamba kwa mshazari ukihesabu hatua 100, na kila hatua utazame ncha ya kiatu chako imekanyaga nini. Ikigusa bua au jani mara 30 au zaidi, umefika.

Najua swali linalofuata: na ng'ombe wale nini? Hapa ndipo kilimo hifadhi, huku kupanda bila kutifua juu ya ardhi iliyofunikwa, hukwama huku magharibi, wala sitaki kulipita kwa maneno matamu. Mabua ni chakula, tena ni kuni. Na mkishavuna, ng'ombe wa jirani huingia bila kuomba. Ninachopendekeza ni mgawanyo: kata bua kwenye kiwango cha gunzi, sehemu ya juu yenye majani mpe ng'ombe, sehemu ya chini ngumu ambayo hata hivyo hawaitaki ilaze shambani kando ya mwinuko. Kisha panda kitu kinachofunika na kulisha kwa wakati mmoja. Desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, ikipandwa kati ya mistari ya mahindi kwa ule utaratibu wa sukuma-vuta uliotengenezwa na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE pale Mbita, hufukuza kipekecha shina na kuua kayongo, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, hutanda ardhini mwaka mzima, na hukatwa kuwa lishe. Mbegu yake ni ghali na msimu wa kwanza huota polepole, kwa hiyo uipalilie kwa uangalifu isichanganywe na magugu. Njahi pia hufunika vizuri ukiipanda mahindi yakikaribia kukomaa. Maharagwe peke yake hayatoshi. Yanavunwa mapema na majani yake yanaisha upesi.

Mchwa watakula sehemu ya mabua, waache, njia wanazochimba huingiza maji. Mahindi yakigeuka njano wiki za mwanzo usiogope: viumbe vidogo vinavyoozesha mabua hushindana na mmea kwa naitrojeni, kwa hiyo tangulia kuweka CAN, mbolea yenye naitrojeni, mapema kidogo kuliko ulivyozoea.

Kutifua ndiko kunakuja mwisho, nako kupungue kwa hatua. Kwanza ondoa haro. Kama una tabaka gumu, livunje mara moja wakati wa kiangazi kwa ripa, jino moja refu linalofungwa kwenye fremu ya plau ya ng'ombe au nyuma ya trekta, likipasua mstari wa kupandia tu na kuacha katikati bila kuguswa. Baada ya hapo panda kwenye mstari huo au kwenye vishimo vya jembe. Magugu ndiyo adui wa misimu miwili mitatu ya mwanzo. Uyakwarue juu juu kabla hayajatoa mbegu, badala ya kuyachimbua na kufungua udongo upya. Ukiamua kutumia dawa, vaa kinga na uache umbali mkubwa na kijito.

Jambo la mbolea lisikupite. Kwenye ziwa Erie huko Marekani, wakulima wengi waliacha kutifua kuanzia miaka ya 1980, na fosfati iliyobebwa na udongo ikapungua kweli. Lakini tangu katikati ya miaka ya 1990 fosfati iliyoyeyuka ikaanza kupanda, na sababu moja ni mbolea iliyokuwa ikitupwa juu ya ardhi isiyotifuliwa, ikabaki juu juu na kuoshwa na mvua. Mwezi wa Agosti 2014 mji wa Toledo uliwakataza watu karibu nusu milioni kunywa maji ya bomba kwa siku kadhaa kwa sababu ya sumu ya mwani. Kwa hiyo usinyunyize DAP juu. Iweke ndani ya shimo, uifunike na udongo, kisha mbegu.

Kama kijito kinapita mpakani mwako, rudi nyuma. Taratibu za maji za Kenya zinaitaka ardhi ya ukingoni iachwe kati ya mita 6 na 30 kulingana na upana wa mto. Mita 6 za nyasi nene hushika mchanga na chembe za kati vizuri. Mfinyanzi hupita kwa sehemu kubwa, ndiyo maana kazi kubwa lazima ifanywe huko juu shambani.

Kuhusu mavuno, nitakuwa mkweli. Kwenu ambako mvua ni nyingi, usitarajie magunia kuongezeka msimu wa kwanza, na palizi ikikushinda yanaweza kupungua. Faida ya haraka ni pesa ya trekta na muda: unaweza kupanda siku mvua inapoanza badala ya kungoja zamu ya plau. Faida ya unyevu utaiona mwaka ambao mvua itakatika Mei. Rutuba inarudi polepole. Kwa sababu hiyo usibadilishe ekari zote tatu. Chagua moja, iliyo juu, kwa sababu maji ya ekari hiyo ndiyo yanayoziumiza mbili za chini. Nyingine zilime kama kawaida bila haro, kwa kufuata mwinuko, mpaka ujue mikono yenu inaweza kupalilia kiasi gani.

Na kwa kuwa umeuliza kama tope ni lenu, unaweza kulijibu mwenyewe Aprili. Mvua kubwa ya pili au ya tatu ikinyesha, jaza chupa mbili za plastiki zinazong'aa: moja maji yanapoingia shambani kwako kutoka kwa jirani au barabarani, nyingine yanapotoka upande wa chini. Zifunge, ziandike, uziweke mahali zisipoguswa hadi kesho yake, kisha upime kwa rula unene wa tope lililotuama. Chupa ya chini ikiwa na tope zaidi, tofauti hiyo ni ya ekari zako. Ya juu ikizidi, tope jingi linakujia kutoka barabarani au kwa jirani, na chupa hizo mbili ndizo za kupeleka kwenye baraza linalofuata.